Noeli ya kiangazi: sufuria moja kwa sikukuu zote

Hesabu ni hii. Katika nyumba ya Kasongo yenye Waislamu na Wakristo pamoja, mwaka mmoja unaleta Bonane, Pasaka, Idi ya mfungo, tarehe 30 Juni, Idi ya kuchinja, sikukuu ya wazazi, Maulidi, siku ya wafu na Noeli. Ni tisa. Hatujahesabu ndoa, ubatizo, komunyo ya kwanza, tohara ya watoto wala matanga. Kila moja inaomba mchele, mafuta, nyama na kikwembe cha mama. Na kila moja inamwangalia mtu mmoja: yule aliye kwenye shimo.

Sisi katika nyumba yetu tulichoka na hesabu hiyo. Sasa ni miaka mingi tunakula sikukuu zetu zote jioni moja, tarehe 1 mwezi wa munane, kwenye parsele ya babu na bibi. Majirani wanatucheka. Wanasema: "Wale watu wanakula Noeli kiangazi." Ni kweli, tunaikula kiangazi. Lakini mwaka jana wazee watatu wa kartie walikuja kutuuliza tunafanya namna gani, na wawili kati yao wana watoto Salamabila. Ndiyo sababu tumeandika habari hii, kwa ninyi mnaosoma ukurasa huu kule Namoya, Kampene na Kalima, na kwa wake zenu mliowaachia sufuria.

Tuanze na nyumba yenyewe. Babu ni Mwislamu, mtoto wa Mwislamu. Bibi ni Mkatoliki, alibatizwa na Mapadri Weupe akiwa msichana mdogo. Walipooana kila mmoja alibaki na dini yake. Wavulana walimfuata baba, wasichana wawili wakamfuata mama, na kitinda mimba, ambaye ni mama mdogo wetu, akaacha zote mbili akaingia kanisa la uamsho. Msomaji wa Kinshasa anaweza kushangaa. Wa Kasongo hatashangaa hata kidogo. Mji wetu ulikuwa makao ya Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammad, na ya mtoto wake Sefu, mpaka siku Dhanis alipoingia na askari wa Leopold, mwezi wa ine 1893. Waungwana wa zamani zile walituachia mashamba ya mchele, kanzu, msikiti, na Kiswahili hiki tunachoandika. Nyuma yao wakaja wamisionari, na leo Kasongo ni kiti cha askofu. Ndiyo maana watoto wa tumbo moja, mmoja anaitwa Ramazani na mwenzake Jean-Pierre, na wote wawili wanalala kitanda kimoja.

Kwa hiyo shida yetu haikuwa dini. Shida ilikuwa kalenda. Orodha ya serikali ya mwaka 2014, ile iliyotaja siku za kupumzika kwa nchi nzima, ilikuwa na Noeli, Bonane, 30 Juni na tarehe 1 mwezi wa munane. Idi haikuwamo. Mwenye kazi ya mshahara anaomba ruhusa ili asali Idi. Na mchimbaji? Yeye hana orodha yoyote. Shimo linafanya kazi siku ya Noeli kama linavyofanya siku nyingine, na anayetoka anaacha nafasi yake kwa mwingine.

Wachimbaji mnaijua kazi hii kuliko sisi tunaobaki mjini, lakini wake na watoto pengine hawajaambiwa yote. Mtu akiwa kwenye timu ya shimo, PDG njo anatoa chakula, vifaa, dawa, mpaka siku mawe yatakapotoka. Yakitoka, kwanza zinakatwa gharama, halafu sehemu ya PDG, halafu timu inagawana kinachobaki. Mtu anaweza kufanya miezi miwili chini, na siku ya kugawa akapata dhahabu inayopimwa kwa vijiti vya kibiriti tu. Na hata hivyo vijiti vina wenyewe: mwenye duka aliyemkopesha sabuni, sigara na vitengo vya simu. Nyumbani sisi tunaona pikipiki inafika, mtu amevaa koti zuri, na tunafikiri ana makuta. Hatuoni deni iliyo nyuma ya lile koti.

Sasa weka Noeli juu ya hali hiyo. Wiki moja mbele, simu inaanza kulia. Watoto hawana viatu. Mama wa jirani ameshanunua kikwembe cha waksi. Mchele umepanda bei. Hakuna anayesema "ingia shimoni usiku". Lakini mtu akisikia simu tatu za namna hiyo kwa siku moja, ataingia. Na mwezi wa kumi na mbili kwetu ni mwezi wa mvua. Udongo umekunywa maji, miti inayoshikilia ukuta wa shimo imelegea, chini kumejaa tope. Katika mwezi ambao wangepashwa kuogopa, wanaharakisha.

Kwa shemeji yetu mambo yalikuwa vile. Ilikuwa mwaka 2015. Wasomaji wanaoshika tarehe watakumbuka kwamba mwaka ule Maulidi iliangukia tarehe 24 mwezi wa kumi na mbili, mkesha wenyewe wa Noeli. Kwa nyumba kama yetu ilikuwa mzigo mara mbili: upande wa babu unataka mchele wa Maulidi, upande wa bibi unataka wa Noeli, wiki moja, mfuko mmoja. Usiku wa tarehe 22, mvua ilikuwa imenyesha tangu saa sita mchana. Wakubwa wa timu walikaa kando ya moto. Shemeji na wenzake wawili wakashuka. Ukuta ulimfunika mpaka kiunoni. Walimchimba kwa mikono na kwa sahani mpaka alfajiri. Alitoka mzima, lakini mguu wa kuume haujanyooka hata leo.

Yeye mwenyewe anasema bila aibu: "Miye sikuwa natafuta dhahabu ule usiku. Nilikuwa natafuta kikwembe."

Na dada yetu, mke wake, ana jibu lake ambalo halibadilishi: "Sikumuomba kikwembe. Nilimwambia tu wenzangu wamekwisha kununua."

Tuliyafikiri sana maneno hayo mawili. Hakuna mwenye kosa ndani yake, na mguu umevunjika.

Namna jioni yetu ilivyozaliwa

Hatukuanza kwa akili nyingi. Tulianza kwa sababu ya mwezi. Mwaka 2011 tarehe 1 mwezi wa munane ilikuwa siku ya kwanza ya Ramadhani. Mpaka wakati ule tulikuwa tunafanya sikukuu ya wazazi kama Wakongomani wote: asubuhi kwenye makaburi na majembe na mafagio, kusafisha walipolala waliotangulia, halafu saa sita kurudi kuwalisha wazazi walio hai. Mwaka ule babu alikuwa amefunga, na nusu ya nyumba pamoja naye. Bibi alikatala katakata. "Sikukuu ya wazazi, na mzazi mmoja kinywa kimekauka? Nani atakula mbele yake? Tungoje jua litue."

Tukangoja. Futari ya babu na chakula cha wazazi vikawa kitu kimoja. Walioanza na tende na uji wakaendelea na kuku, na bibi, ambaye hakufunga, alisema wali wa jioni una utamu kuliko wa mchana. Mwaka 2012 na 2013 ikawa vilevile, kwa sababu tarehe 1 ilikuwa bado inaangukia ndani ya mfungo. Watoto waliozaliwa miaka ile walikua wakijua kwamba sikukuu ya wazazi ni ya usiku.

Mwaka 2014 Idi ilikuwa tarehe 28 mwezi wa saba. Yaya wetu, anayechimba upande wa Salamabila, alikuwa amefika kwa Idi. Babu akamwambia abaki siku ine, kwani hatakuwa na makuta ya kulipa njia mara mbili. Akabaki. Nyama ya Idi tuliigawa: kidogo siku yenyewe, mingi ikakaushwa kwa moshi kungoja tarehe 1. Hakuna aliyelalamika. Idi iliingia ndani ya jioni yetu bila kikao.

Noeli, hapana. Noeli ilihitaji kikao, na kikao kilikuwa kikali.

Tulikaa mwezi wa kwanza 2016, shemeji akiwa bado amelala kwenye mkeka na mguu umefungwa mbao. Mama mdogo ndiye aliyetoa wazo. Bibi alisimama. "Yesu hakuzaliwa mwezi wa munane. Miye sitakula Noeli ya vumbi." Mjomba mmoja upande wake akaongeza kwamba tunataka kumfanya bibi Mwislamu polepole. Neno lile liliumiza, na babu alinyamaza muda mrefu. Aliposema, alisema hivi: "Idi na yenyewe haihami. Inafuata mwezi, siyo miye ninayeipanga. Msikitini nitakwenda siku yake. Wewe kanisani utakwenda siku yako. Ibada haihami. Sufuria njo inahama."

Ndiyo sheria yetu mpaka leo, na ndiyo kitu cha kwanza tuliwaambia wale wazee watatu. Tarehe 25 bibi anavaa, anakwenda misa, anarudi, tunakunywa chai na mandazi, tunasalimiana Noeli njema, basi. Siku ya Idi wanaume wanavaa kanzu, wanasali, wanarudi, chai na mandazi. Maulidi wanaimba msikitini. Mama mdogo anakesha kanisani kwake usiku wa Bonane. Hakuna kununua kwa deni, na hakuna mtu anayeitwa kutoka shimoni. Simu ya siku ile ni ya salamu peke yake. Tulikubaliana hata maneno: haturuhusiwi kusema bei ya kitu chochote kwa simu wiki ya sikukuu. Watu wanacheka wakisikia sheria hiyo. Kwetu ni sheria kubwa kuliko zote.

Mwaka wa madeni ya sikukuu

Jioni yetu ilipata uzito wake wote mwaka 2020, kwa sababu ya korona. Kumbukeni. Hali ya dharura ilitangazwa mwezi wa tatu, makanisa na misikiti ikafungwa. Pasaka ilikuwa tarehe 12 mwezi wa ine, bibi aliisikiliza redioni. Idi ya mfungo, tarehe 24 mwezi wa tano, babu alisali uani pamoja na wajukuu. Tarehe 30 Juni nchi ilitimiza miaka 60 ya uhuru, na hakukuwa na gwaride: rais aliomba tuikumbuke kwa utulivu. Halafu Idi ya kuchinja ikaja tarehe 31 mwezi wa saba, siku moja tu mbele ya sikukuu ya wazazi. Hali ya dharura ilikuwa imekwisha wiki moja nyuma, lakini nyumba za sala zilipashwa kungoja mpaka tarehe 15 mwezi wa munane ili zifunguliwe.

Kwa hiyo jioni ile ya Posho, tarehe 1, tulikuwa na deni ya Pasaka, Idi mbili na uhuru, vyote katika uwanja mmoja wa nyumba. Mbuzi alichinjwa siku ya Idi yenyewe, kwa sheria yake. Sehemu ya maskini na ya majirani ilitoka kwanza, nyingine ikabaki. Babu alisoma dua. Bibi akaanzisha Baba Yetu. Mama mdogo akaomba kwa sauti ile ya kanisa lake, na akaomba muda mrefu, mpaka mtoto mmoja akauliza kama wali haupoi. Yaya alikuwa amekaa karibu na shemeji. Yaya hasemi mingi. Usiku ule alisema kwamba ilikuwa mara ya kwanza tangu alipoanza kuchimba kula Pasaka nyumbani, na kwamba yeye siyo hata Mkristo.

Tangu pale hata yule mjomba aliyesema neno kali anakuja, na anakuja na kuku.

Namna ya kupika kwa dini tatu

Jiko ndilo linaloweza kuvunja jioni kama hii. Sheria hazikuandikwa, lakini kila mke anayeingia katika ukoo wetu anafundishwa.

Anayechinja ni Mwislamu, iwe mbuzi au kuku, ili kila mtu aweze kula. Bibi anasema Mkristo hapotezi kitu kwa kula nyama iliyochinjwa kwa Bismillahi, lakini Mwislamu anapoteza kwa kula ile nyingine. Hiyo ni hesabu yake na tunaikubali. Nguruwe haingii kwenye parsele siku ile, hata kwa jirani anayeleta zawadi. Sombe inapikwa kwa mafuta ya mawese, bila kitu cha mashaka ndani. Samaki wa Lualaba hana dini, tunamshukuru Mungu kwa samaki. Tunanunua kwa Wagenia asubuhi mapema, mbele ya kwenda makaburini. Wali ni wali wa hapa, siyo ule wa mfuko unaotoka mbali. Bugali unapikwa pia, kwa sababu kuna watu ambao bila bugali wanasema hawajala.

Pombe ndiyo mgogoro. Wachimbaji wengi wamezoea lutuku na bia, na mtu aliyetoka miezi sita shimoni anaona jioni ya chai na sukre kama adhabu. Hatutadanganya hapa. Mwaka mmoja vijana wawili walikunywa kando ya barabara kisha wakaingia wakilewa wakati babu anasoma dua. Babu hakugomba. Alifunga kitabu, akaingia ndani, akalala. Jioni iliisha saa moja na nusu. Mwaka uliofuata wale vijana walikuja wakiwa safi, na wao ndio waliobeba viti. Anayetaka kunywa anakunywa kesho yake, kwake.

Makuta yanaandikwa na shemeji. Mguu ulimtoa shimoni, akawa mwandishi wa kikundi cha AVEC cha kartie. Kutoka pale alijifunza namna ya kushika kitabu, na kitabu cha jioni yetu ni chake. Kila mtu mzima anatoa kidogo kila mwezi kuanzia mwezi wa tisa. Wa mjini wanatoa kwa mkono, yaya anatuma kwa simu pale mtandao unapokubali. Hata akikosa miezi miwili, hakuna anayempigia. Analipa shimo linapotoa. Dada yetu mwingine, anayetwanga mawe kule, wale munaowaita mama twangaise, anatoa kidogo kuliko wote na hajakosa hata mwezi mmoja. Tunaandika hilo kwa sababu watu wanahesabu wanaume tu.

Kwa mwaka uliopita kitabu kilitoa mbuzi mmoja, kuku kumi, mifuko miwili ya mchele ya kilo 25, bidoni moja ya mafuta, samaki, sukari, na nguo za watoto. Mbele ya kikao kile, Noeli peke yake ilikuwa inakula zaidi ya hapo, na nusu yake ilikuwa deni iliyolipwa mpaka mwezi wa tatu.

Kuna faida nyingine ambayo hatukuifikiri mwanzo, nayo ni njia. Tarehe 1 mwezi wa munane ni katikati ya kiangazi. Kutoka Salamabila mpaka Kasongo, pikipiki inapita kwenye vumbi, inachosha, lakini inafika. Mwezi wa kumi na mbili ile njia ni mito na matope, na dereva anaomba bei mara mbili. Bariera zenyewe haziishi, kiangazi wala masika, na mtu anayesafiri wiki ya Noeli anajulikana kwamba amebeba kitu. Yaya anasema anaposafiri mwisho wa mwezi wa saba, mikono mitupu, makuta yake yakiwa yameshatangulia kwa simu na kuandikwa kitabuni, hakuna anayemwangalia mara mbili.

Kinachopotea

Mtu atakayesoma mpaka hapa asifikiri ni sukari tupu. Watoto ndio wanaolipa. Tarehe 25 mwezi wa kumi na mbili kartie nzima inapita barabarani na nguo mpya, viatu vinapiga kelele, na wa kwetu wanasimama mlangoni na nguo za mwezi wa munane zilizokwisha fuliwa mara nyingi. Binti wa dada yetu, alipokuwa na miaka saba, aliuliza kama Noeli imetukasirikia. Tulimjibu vibaya, tulimwambia anyamaze. Siku hizi tunafanya hivi: nguo za mwezi wa munane zinavaliwa jioni moja, zinakunjwa, zinawekwa kwenye sanduku la bibi, zinatoka tena tarehe 25 au siku ya Idi. Wanakua haraka, kwa hiyo tunanunua kubwa kidogo. Mwezi wa munane suruali zinaburuta chini, mwezi wa kumi na mbili zinatosha.

Bibi naye anapoteza. Amekubali, lakini hajasema amependa. Anasema Noeli ilikuwa na harufu yake, mvua na wali na majani ya mgomba, na kwamba harufu hiyo haiwezi kuhamishwa na kikao cha watu. Siku ya Noeli anakaa muda mrefu kwenye baraza baada ya chai. Tunamwacha.

Na wengine wanapoteza makuta. Mwuza vikwembe mmoja sokoni alimwambia dada yetu, kwa mzaha siyo mzaha, kwamba nyumba kumi kama yetu zingemfunga duka. Ni kweli pia.

Jioni yenyewe inakwenda hivi. Asubuhi tunagawana makaburi: wajukuu wa kiume na majembe kwa wafu Waislamu, wengine kwa wafu wa misheni, kisha tunabadilishana, ili mtoto ajue pande zote mbili. Bibi alitaka siku ya wafu ya mwezi wa kumi na moja nayo iingie hapo, kwa upande wa kusafisha tu. Sala zake bado anazifanya tarehe 2 mwezi ule. Mchana hakuna anayekula vizuri, mihogo na karanga basi, na jiko linawaka. Jua likitua, wanaosali magharibi wanasali kwenye mkeka chini ya mwembe. Wengine wanapunguza sauti, redio inazimwa. Kisha mikeka inaunganishwa. Babu na bibi wanawekwa katikati, na hapo ndipo sikukuu ya wazazi inaposhika: watoto wote, kuanzia yaya ambaye ana mvi, wanapita mmoja mmoja na sahani, wanawanawisha mikono, wanawapakulia. Yaya na mikono yake yenye nyufa anamnawisha baba yake. Nguo za watoto zinatolewa baada ya kula, siyo mbele, kwa sababu ya mafuta. Halafu kila mtu anasalimia kwa sikukuu anayoitaka: Idi mubaraka, Noeli njema, Bonane, uhuru. Kuna mjukuu mmoja anayezisema zote kwa pumzi moja na kuomba zawadi kwa kila moja. Hapewi.

Mazungumzo ya usiku ni ya kazi. Ni mara moja kwa mwaka ambapo yaya anaulizwa maswali ya kweli: shimo lina kina gani sasa, nani anaangalia miti, deni ni ngapi. Mwaka uliopita alitaja deni yake mbele ya wote. Mama mdogo alilia kidogo. Shemeji alifungua kitabu, na tuliona kwamba kilichobaki baada ya sikukuu kinaweza kulipa robo yake. Kililipwa asubuhi ya tarehe 2, mbele ya pikipiki kuondoka.

Sasa kuna mgogoro mpya nyumbani, na umeletwa na kalenda tena. Mjukuu anayesoma sekondari alihesabu kwamba mwaka 2033 Idi ya mfungo itakuja mara mbili: siku chache tu baada ya Bonane, halafu tena karibu na tarehe 23 mwezi wa kumi na mbili, mkesha wa mkesha wa Noeli. Mara ya mwisho ilitokea hivyo mwaka 2000, nayo ilikuwa vita, hakuna aliyesafiri wala kupika cha maana. Bibi aliposikia, aliweka kikombe chini. Anasema mwaka ule sufuria irudi mahali pake, mwezi wa kumi na mbili, Idi na Noeli pamoja, na mvua yake. Babu anamwambia mwezi hauahidiwi, unaonekana tu, na kwamba yeye na bibi wasipange mambo ya 2033 kwa umri wao. Shemeji anauliza nani atapita njia ya Salamabila kwa mvua ile. Yaya amejibu kwamba akiwa bado anachimba mwaka ule, basi sisi wote tumeshindwa.

Bibi ameomba iandikwe kitabuni kwamba yeye amesema. Shemeji ameandika.